Sufuria Isinyanyuliwe

Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, Shufaa binti Bwanaheri alivunjika pia ya goti la kulia jikoni kwake, Bagamoyo, alipokuwa akiinuka kutoka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Nazi alikuwa ameshamaliza kuikuna.

Mfupa uliunga vizuri, lakini daktari aliyemfungua plasta alimpa amri moja: asichutame tena, wala asikae kwenye kibao cha chini. Kwa mwingine amri hiyo ingekuwa nyepesi. Kwa Shufaa ilimaanisha jiko zima. Jiko hilo liko uani, nyuma ya nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba yake katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na kila kitu ndani yake kilikuwa chini: majiko ya mkaa, mbuzi, beseni la kuoshea vyombo, hata kopo la chumvi.

Mwanawe wa pekee, Muzammil, anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam na kuishi Bunju, hakuzunguka mbuyu. Chumba kilikuwa tayari. Mama angehamia Bunju, nyumba ya Bagamoyo ingepangishwa, na mke wa Muzammil angempikia. Shufaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amemaliza, kisha akasema mtu hahami kwake kwa sababu ya goti. Walibishana kwa adabu hadi mwana akachoka, akatoa sharti. Mama atengeneze jiko atakaloweza kupikia peke yake, bila kuchutama na bila kuomba mkono wa mtu, naye aje alione kwa macho yake. Akishindwa, afungashe.

Ili asionekane anamtakia kushindwa, Muzammil alinunua jiko la gesi yeye mwenyewe, la uso wa kioo cheusi, akaliweka juu ya meza, akaondoka. Shufaa akapika pilau. Maji yalipokauka alifanya alivyofanya maisha yake yote: alichukua makaa kwa koleo akayapanga juu ya kifuniko, wali upate moto wa juu na wa chini. Pilau isiyopaliwa, kwa watu wa mji ule, ni wali uliotiwa rangi. Lakini kifuniko kilikaa upande. Kaa moja likateleza, likatua kwenye kioo, na kioo kikapasuka chote.

Muzammil alipokuja hakufoka. Alivitazama vipande akasema, "Umeona, mama?" basi.

Shufaa alikubali kwamba kosa lilikuwa lake. Alichokataa ni kulibeba kosa hilo mpaka Bunju. Wifi yake Bimdogo, dada wa marehemu mumewe, alimshauri aache kupalia, kwani siku hizi hata maharusi wanapika kwa gesi tupu na watu wanakula.

"Au utapalia mpaka kaburini, wifi?"

"Kaburini, huko moto wa juu na wa chini wanajua wenyewe," Shufaa alijibu. "Mimi nahangaikia wa hapa."

Bimdogo akaomba toba kwa niaba ya wote wawili, akaenda kuvaa baibui, maana alishajua kwamba wanatoka.

Walikwenda Tegeta, kwenye duka la vifaa vya jikoni. Shufaa alichukua fimbo yake, na Bimdogo akabeba kikapu chenye sufuria ya pilau, ileile kubwa, yenye kifuniko cheusi kwa miaka ya makaa. Dukani Shufaa aliomba kiti. Akakaa mbele ya kila jiko, akaiweka sufuria juu yake na kuitikisa. Majiko ya kioo hakuyatazama. Alitaka uso wa chuma kisichoshika kutu, na vyuma vya kukalishia sufuria viwe vizito, vipana, vyenye usawa. Vitufe vya kuwashia viwe mbele, asilazimike kupitisha mkono juu ya moto. Muuzaji, kijana mwenye subira iliyokuwa ikipungua, alimwambia kwa heshima kwamba pale hawapiki, wanauza tu.

"Na mimi nanunua pa kupikia," alisema Shufaa. "Pa kutazama ninapo, kioo chake kimepasuka."

Aliondoka na jiko la gesi la mafiga mawili, aina ya kuzamishwa kwenye kaunta, ambalo muuzaji alikiri halikuwa zuri kuliko mengine. Makabati ya mbao za kugandishwa aliyakataa kwa kupitisha kidole kwenye ukingo wake. Hewa ya chumvi ingeyavimbisha kama mkate kwenye chai. Rafu angechongesha kwa mninga, zisizo na milango.

Fundi Mwinshehe, mwashi kutoka Makurunge, alikuwa mtu wa kazi safi na maneno machache. Alipima kaunta kwa usawa wa kiuno, kama anavyojenga zote.

"Kiuno cha nani?" Shufaa alimuuliza.

"Cha mtu aliyesimama, mama."

"Basi huyo si mimi."

Akavuta kiti chake cha kulia chakula, akakaa, akashika mwiko kama anayesonga ugali, na fundi akapiga alama ya chaki ukutani chini ya kiwiko chake. Kaunta ikajengwa hapo, chini yake pakiachwa wazi ili magoti yaingie. Sinki nalo likafuata usawa huohuo.

Si kila jambo alishinda. Alitaka marumaru nyeupe ukuta mzima, mpaka darini. Mwinshehe alikataa kata kata. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, alisema, unatoka jasho la chumvi. Ukiuziba kwa saruji utazitema marumaru zote kabla ya mwaka. Akamwonyesha pembe ambapo marehemu mumewe alipiga lipu ya saruji zamani. Ukiigonga, inalia tupu. Shufaa aligonga mwenyewe, akakubali. Ukuta ukabaki wa chokaa. Marumaru zikaja sakafuni tu, za uso wa kukwaruza, baada ya yeye kumwaga tui juu ya kipande kimoja na kumwamuru fundi apite peku.

Lililobaki ni lile la kupalia, na hilo lilimkosesha raha. Makaa hayawezi kukaa juu ya gesi, hilo alishalipia. Jiko la mkaa likiwekwa kando, nani atainyanyua sufuria ya pilau iliyojaa kutoka huku kwenda kule? Mwenye goti la namna yake atakwenda na sufuria, sakafuni. Bimdogo alisema atakuwa anakuja kuinyanyua. Lakini hapo ndipo sharti la Muzammil lilipokuwa.

Jibu alilipata akiwa ameketi mbele ya kaunta ikiwa bado mbichi, akilisogeza bakuli la mchele kwa kiganja.

"Fundi, sufuria isinyanyuliwe," alisema. "Isukumwe."

Mwinshehe akavunja kipande cha kaunta. Pembeni mwa jiko la gesi alijenga shimo la matofali ya kuchoma la kuwekea makaa, akaweka juu yake wavu wa chuma, na akaupima kwa pimamaji mpaka ukalingana na vyuma vya jiko la gesi. Kaa likianguka, linaangukia tofali.

Muzammil alikuja Ijumaa baada ya swala. Alimwamkia mama yake, akavuta kibao, akakaa mlangoni kama mtahini. Shufaa alikaanga vitunguu, akatia nyama na viungo, akatia maji na mchele, yote akiwa kitini. Maji yalipokauka aliishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaisukuma. Ilikwaruza, ikapita, ikakaa juu ya makaa. Akapanga makaa mengine juu ya kifuniko, moja moja. Hakuna lililoanguka, na hakumwita mtu.

Walikula. Muzammil alirudia sahani, kisha akasimama kukagua nafasi kati ya kiti na mlango.

"Hapa unapoinukia," alisema, "hakuna pa kushika."

"Hapo umesema kweli."

"Nitaleta bomba la chuma."

"Lete. Na chumba cha Bunju wape watoto."

Jumamosi Mwinshehe atalifunga bomba hilo ukutani, na Shufaa atabaki kwake.