Mwalimu Ketty wa Mbaraki na Nyuso za Makaa

Alizaliwa Kaloleni mwaka 1961, kifungua mimba wa mzee Ngowa, mpakuaji mizigo bandarini Kilindini, akabatizwa Ketty. Mama yake alipofariki aliacha shule kidato cha pili ili alee wadogo zake. Alirudi akiwa mtu mzima, akafanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na watoto wa rika la mwanawe, na aibu ile hakuisahau. Ndiyo maana mwaka 2009 aliomba ukumbi wa kanisa Mbaraki, awafundishe uchoraji watu wazima waliorudi kumaliza sekondari, kwani aliona kwamba mtu akishika penseli husahau umri wake. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nami si mtu wa kulitangulia Kanisa. Naandika tuliyoyaona.

Na tuliyoyaona yalitisha. Ketty alichora kwa makaa nyuso za watu asiowajua, na baada ya wiki chache wenye nyuso hizo wakaja kuomba nafasi darasani. Wazee wetu wa jumuiya ya kanisa, hodari wa kunusa majini kila mahali, walimwamuru azichome. Alitii, akazichoma uani huku akilia. Kesho yake mkono wake ulichora tena: kijana mwenye kovu kidevuni. Huyo hakuja. Ketty akamtafuta hadi akampata Kibarani akipakia lori. Aliitwa Ronald, aliacha shule kidato cha tatu, na alikuwa ameapa kutorudi.

"Mwanangu, nimekuchora bila kukujua," Ketty alimwambia. "Njoo nikujue."

Ronald alikuja, shingo upande, akabaki.

Ketty alifariki alfajiri ya siku ya mtihani wa sanaa, Oktoba 2019. Ronald alipata habari mlangoni pa chumba cha mtihani, akageuka aende zake. Mwanafunzi mwenzake, Mejumaa, alimshika mkono. "Ingia, ndugu yangu. Tusimtie haya mwalimu leo."

Wakaingia. Katikati ya mtihani, msimamizi, mgeni asiyemjua Ketty, aliinua kichwa.

"Mama mwenye leso ya kijani, hapo nyuma ya kijana huyu, tafadhali toka nje," alisema akimwonyesha Ronald.

Leso ya kijani ilikuwa vazi la Ketty la kila siku. Darasa zima liligeuka, likaona ukuta. Msimamizi alikaa kitako. Ronald pekee aliendelea kuchora.

Alifaulu. Leo anafundisha katika ukumbi uleule, na Jumamosi huzunguka bandarini akiwatafuta walioacha shule. Basi nasi tumwige Ketty, tumwendee aliyekata tamaa huko huko aliko. Nilimuuliza Ronald kwa nini siku ile hakugeuka kutazama nyuma yake. Alisema aliogopa akigeuka asimwone mwalimu.