Fimbo ya Mzee Kagaruki Yabaki Bilele

Mzee Kagaruki wa Muleba alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, ng'ombe watano, nafasi ya benchi la mbele katika kanisa la Kilutheri, na mtoto mmoja chuo kikuu. Vyote hivyo alivitunza kwa fimbo moja.

Mwaka 1953 mtoto huyo, Josia, alirudi likizo kutoka Uganda na barua ya chuo. Kuandika Kiingereza: themanini na moja kwa mia. Kuzungumza: tatu kwa ishirini. Mtahini angepita Bukoba baada ya wiki tano kumjaribu tena. Akipata chini ya kumi, asirudi.

"Ni usingizi," Kagaruki alisema. Hakuna aliyethubutu kuuliza alijuaje.

Basi Josia akaamshwa jogoo la kwanza na kumwagiwa maji ya baridi. Akakatazwa rubisi, pombe ya ndizi, jambo jepesi kwa kuwa hakuwahi kuinywa. Akakatazwa kucheka na vijana barabarani. Wiki mbili zikapita hivyo. Kijana akakonda, akazidi kuwa na heshima, na sauti yake ikashuka mpaka ng'ombe wakawa wanamshinda.

"Maji ya baridi yanajua Kiingereza?" mama yake, Kokwijuka, aliiuliza ndizi aliyokuwa akiimenya. Mumewe hangeulizwa.

Zilipobaki wiki tatu, Kagaruki alimeza majivuno, akampeleka mwanawe Bukoba mjini, mtaa wa Bilele, kwa Hamidi fundi cherehani. Hamidi alikuwa amepigana Burma kwa ajili ya Mfalme, akarudi na mguu mmoja wa kuchechemea na Kiingereza kisichochechemea hata kidogo.

Hamidi aliuliza maswali matano. Josia alijibu kwa kuutazama mkeka.

"Mzee wangu," Hamidi akasema, "hebu niletee tumbaku pale dukani."

Kagaruki aliporudi, alisikia kutoka uani Kiingereza kinachotiririka. Kijana alikuwa akimbishia Hamidi habari za vita, na Hamidi anacheka. Mzee akaingia. Josia akakata neno katikati, akashusha macho.

"Umeona?" Hamidi alisema. "Kijana huyu haumwi Kiingereza. Anaumwa adabu. Josia, mtahini ana mvi?"

"Anazo, waitu," Josia alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Basi. Mtoto uliyemfundisha kwamba mkubwa habishiwi, leo anatahiniwa na mkubwa anayetaka kubishiwa."

Kagaruki aliuliza, "Dawa yake?"

"Wewe. Kila alasiri umwambie uongo, kwa Kiingereza, naye akukatalie. Malipo yangu ni hiyo fimbo. Nitakaa nayo."

"Fimbo ya baba yangu?"

"Au mtoto arudi kupalilia. Chagua, mzee."

Kagaruki alikuwa na maneno arobaini ya Kiingereza, yaliyobaki tangu shule ya misheni. Alirudi Muleba bila fimbo, na kila alasiri alikaa mlangoni na kutamka, kwa uchungu wa kweli, "Ndizi mbaya." Josia alinyamaza. "Ng'ombe mbaya," mzee alisema, na ng'ombe walikuwa wakimsikia. Josia alinyamaza. Siku ya tisa kijana alisema: "Hapana, Tata. Ndizi ni nzuri." Mikono ya Kagaruki ilitafuta kitu cha kushika. Akaikalia.

"Endelea," alisema.

Siku ya mtihani mtahini alimwita Josia katika chumba kimoja bomani. Kagaruki alibaki kwenye benchi, chini ya dirisha, akihesabu majibu. Yalikuwa mafupi: ndiyo, bwana; sijui, bwana. Ya tatu kwa ishirini yaleyale.

Kisha mtahini akasema kitu kirefu, na mzee akaokota maneno matatu tu: migomba, majani, uvivu. Akaelewa. Mzungu ameona majani yaliyotandazwa vibanjani, akadhani ni watu waliochoka kupalilia.

Ndani, kimya.

Kagaruki alimfahamu mwanawe. Macho yako sakafuni sasa. Kimya kikaendelea mpaka kalamu ya mtahini ikasikika ikikwaruza karatasi. Mzee akasimama, akaweka kinywa chake dirishani, akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Ndizi mbaya!"

Askari akamshika mkono. Lakini huku akivutwa alisikia, "Hapana, Tata!" na baada yake Kiingereza kikafunguka: mvua, unyevu, udongo, bibi na babu zake, uvivu ni wa nani hasa. Askari alimpeleka mpaka chini ya mti wa mbali, wala mzee hakusikia zaidi.

Nusu saa baadaye Josia alitoka. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Kumi na nne," alisema. "Aliuliza wewe ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wangu."

Kagaruki alikohoa, akageuza uso kuelekea ziwani mpaka alipokuwa tayari. "Vizuri. Sasa tupite Bilele nikachukue fimbo yangu."

"Hapana, Tata," Josia alisema, akimtazama usoni. "Kwanza, gari la Muleba linaondoka sasa hivi. Pili, mama hajui kama tumepata au tumekosa. Tatu..."

Mzee alitembea pole pole kuelekea stendi, mikono mitupu, akiisikiliza sababu ya tatu. Ilikuwa bado haijafika mwisho walipopanda gari.