Jina Nililoliruka Siku ya Kumzika Mama

Wacha niwaambie, lakini msinicheke sana, hii aibu bado inaniuma. Siku ya kumzika mama, kule Bahati, mimi ndiye nilipewa kusoma wasifu wake, na kwetu wasifu husomwa kwa Kiingereza (hata kama marehemu alijua cha salamu tu), halafu mimi na Kiingereza tuna shida moja, ulimi wangu huchanganya l na r tangu shule, na nikiogopa ndio huzidi.

Basi nikashika mic. Neno la kwanza lenye r likatoka limepinda, nikaona binamu zangu wa Nairobi wameinama wameshika midomo, jasho likanitoka. Mstari uliofuata ulikuwa wa watoto wa marehemu, na wa pili ni dada yangu Lorraine (l mbele, r katikati, sijui wazazi walikuwa wanafikiria nini). Nikajiambia, ruka tu, nani atajua. Nikaruka.

Yaani nilimruka Lorraine, aliyeacha kazi yake Nakuru mjini akaja kumwosha mama na kumlisha mpaka mwisho, na wakwe zake wamekaa pale mbele. Kwetu mtoto asiyetajwa kwa wasifu ni mtoto aliyekataliwa, kwa hivyo minong'ono ikaanza, na mama mkwe wake akauliza, tena kwa sauti, kama kweli huyu ni wa hii boma. Pasta akanionyesha kwa kidole jina lake kwa karatasi nirudie, mimi nikadhani ananiharakisha, nikasoma mbio mpaka mwisho nikakaa. Watoto walipoitwa kuweka udongo, Lorraine alibaki nyuma na majirani.

Jioni nilimpata akiosha sufuria. Nikamweleza yote, kwamba ni ulimi, si roho.

"Nyumbani unaniita Rolein kila siku na ninaitika," akasema. "Si ungeniita tu hivyo."

Nililia kuliko nilivyomlilia mama. Siku hizi nikipewa mic popote, harusini, kanisani, hata kwa chama, naanza na dada yangu, kwa jina vile ulimi wangu unalijua, na anayetaka kucheka acheke. Lakini mama tulimzika mara moja tu, na ile karatasi siwezi kuisoma upya.