Ijumaa ya Nne

Kabla sijaeleza yaliyotokea, yafaa niweke wazi jinsi mambo yalivyokuwa. Nilikuwa msimamizi wa masomo katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kiganjo mjini Thika, na kazi ya kupanga kalenda ya mwaka ilikuwa yangu kwa muda mrefu. Wizara hutangaza siku ya kufungua shule na siku ya kufunga. Yaliyo katikati huachiwa shule yenyewe. Mimi nilianzia mwisho. Nilichukua siku ya kufunga, nikarudi nyuma juma kwa juma, nikiondoa sikukuu, siku ya wazazi na siku za michezo, mpaka nifikie Jumatatu ya kwanza. Kisha kila juma nikalipa nambari. Tangu hapo hakuna aliyetaja tarehe tena shuleni mle. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa wa juma la saba, ukianza Jumatatu, na likizo fupi ilianza Ijumaa ya juma hilo hilo, karatasi ya mwisho ikisha kukusanywa.

Mwenzangu wa karibu katika majilisi, chumba cha walimu, alikuwa mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu, mwanamke wa makamo aliyekuja kila asubuhi kutoka Ruiru. Kila Januari aliniomba niache siku mbili wazi kwa ajili ya Idi, kwa kuwa mwezi huandama unapoandama. Kila Januari nilimpa siku moja, tena kwa penseli.

"Mwalimu," aliniambia mwaka ule, mbele ya walimu wote, "wewe ukiachiwa, hata kiyama utakipangia juma."

Majilisi ikaangua kicheko. Nilicheka pia, na kwa siri nikalichukua neno lile kuwa sifa.

Hali ilikuwa hiyo basi, Jumatatu ya juma la tatu, alipokuja mkulima mmoja kutoka Murera. Bintiye alikuwa kidato cha tatu, msichana mtulivu aliyeketi dirishani. Mzee alivua kofia, akakataa kiti, kisha akakikubali.

"Mwalimu, sikuja kumwona mtoto. Hata usimwambie nimefika. Mama yake ni mgonjwa. Hospitali wamesema turudi naye nyumbani, tukae naye."

Nikamwambia pole. Nikauliza kama angependa kumchukua binti siku ile.

"Mama yake amekataa. Anasema akitolewa peke yake atajua, na akijua hatasoma tena. Anataka aje na wenzake, kama likizo ya kawaida. Amuone akiingia na sanduku lake, akilalamika chakula cha shule." Akatabasamu kidogo, akiitazama kofia magotini. "Sasa niambie, hiyo likizo fupi ni lini? Daktari ametupatia kama mwezi. Wiki nne, mama anaweza. Ni mtu wa kukaza roho. Zikiwa tano, sijui. Zikiwa tano ningemchukua leo, akasirike akitaka."

Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake, lakini sikuhitaji kuitazama. Likizo ilikuwa juma la saba, nasi tulikuwa juma la tatu. Saba ukitoa tatu, zinabaki nne. Hata hivyo niliandika hesabu hiyo daftarini, kama nilivyoandika kila jambo.

"Majuma manne," nilimwambia. "Siku ya Ijumaa."

"Ijumaa ya nne."

"Ya nne."

Alishusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniambia kwamba kwao ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo, na kwamba mkewe angeizungushia kalamu siku ile jioni ile ile.

Majuma yakapita. Mvua zilikuja kwa kuchelewa, uwanja ukawa tope. Nilimwona binti katika gwaride na katika foleni ya chakula, na kila nilipomwona nilijua jambo asilolijua. Sikumwambia. Niliamini kwamba nilikuwa nikitunza ahadi.

Ijumaa ya juma la sita, saa tisa alasiri, niliitwa langoni. Mlinzi wetu, mtu mpenda mizaha, alikuwa amemzuia mtu nje ya geti.

"Mzee, umefika kabla ya kadi kuandikwa! Harusi ni wiki ijayo. Leo hata ndoo ya maji haijatekwa!"

Alikuwa yule mkulima. Amevaa koti la kanisani, na mkononi ana kofia mbili za pikipiki. Mwendesha pikipiki, jirani yake wa makamo, alingoja ng'ambo ya barabara.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua," alisema. "Najua wenzake wanatoka kwa basi, lakini pikipiki ni haraka. Mama ameamka leo akaomba achanwe nywele. Amekazana mpaka leo."

Nilimjibu kwamba likizo ilikuwa Ijumaa iliyofuata.

Alinitazama, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akikunja kidole kwa kila Ijumaa. Akafika cha nne. "Si ulisema ya nne?"

Hapa ndipo ninapopaswa kuandika kwa uangalifu mkubwa kuliko popote. Sikuwa na shaka na hesabu yangu. Sikuitafakari hata kwa muda wa pumzi moja. Nilikuwa mwalimu niliyesoma, naye alikuwa mkulima mwenye kalenda ya dawa za mifugo, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya upole kabisa.

"Umehesabu vibaya, mzee."

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Basi ni sisi. Sisi hatukusoma, Mwalimu. Utusamehe."

Nikamweleza kwamba mtihani ungeanza Jumatatu, na kwamba mwalimu mkuu, ambaye sahihi yake ilihitajika katika kila kibali cha kutoka, alikuwa mkutanoni na angerudi siku hiyo hiyo ya Jumatatu. Ningeweza kumpigia simu. Sikusema hivyo. Mzee naye hakusisitiza; sharti la mkewe lilimfunga, kwamba binti asitolewe peke yake.

"Nitamwambia ni wiki moja ingine," alisema. "Atanicheka."

Mwendesha pikipiki akamuuliza kwa sauti, "Kwani mtoto amekukataa?" Mzee alipanda nyuma, kofia ya pili ikining'inia mkononi, wakaondoka.

Nilirudi majilisini na kufungua daftari, nikitaka tu kujithibitishia. Saba toa tatu, nne. Iliandikwa kwa mwandiko wangu, safi, haina kasoro. Nilimsomea mwenzangu wa Ruiru, nikitaraji akubaliane nami. Alikunja ngumi, akaanza kufungua vidole.

"Ijumaa ya juma la tatu, moja. La nne, mbili. La tano, tatu. La sita, nne." Akafungua kidole gumba. "La saba, tano. Mwalimu, alipokuja juma la tatu lilikuwa bado zima. Wewe ulilitupa."

Nililifunga daftari.

"Mpigie," alisema. "Sasa hivi. Mwambie arudi."

Nambari ya simu ilikuwa katika sajili, hatua tatu kutoka kitini pangu. Nilimwambia kwamba ningeshughulikia jambo lile kwa utaratibu. Alichukua mkoba wake, akaenda bila kuniaga. Jumamosi asubuhi nilijaza kibali cha kutoka, nikaacha nafasi ya sahihi ya mwalimu mkuu, nikakiweka katika droo nikingoja Jumatatu. Nilijiambia kwamba aliyeweza kukaza roho majuma manne angeweza siku mbili zaidi.

Mama alifariki Jumapili alasiri. Baba alipiga simu Jumatatu, kabla ya karatasi ya kwanza kugawanywa. Nilimtoa binti katika ukumbi wa mtihani mimi mwenyewe, nikamwambia tukiwa kwenye veranda. Hakulia pale. Aliniuliza, "Mlijua tangu lini?" Nikamwambia tangu juma la tatu.

Mama alizikwa Murera siku ya Alhamisi. Nilihudhuria, nikapewa kiti katika safu ya pili. Mzee aliposimama kuwashukuru waliofika, aliwaambia kwamba mtoto hakumkuta mama yake kwa sababu yeye alikosea kuhesabu Ijumaa, na akamwomba bintiye msamaha mbele ya watu wote. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Sikuinuka.

Binti hakurudi kwetu. Muhula uliofuata baba yake alimwandikisha katika shule ya kutwa karibu na Witeithie.