Masikio ya Baba

Moshi wa bani la tumbaku haunuki kama moshi wa jikoni. Ni mzito, una utamu kidogo, unaingia kwenye nguo na hautoki hata ukifua. Kule Lusewa, kwa bibi mzaa baba, msimu wa kukausha tumbaku kijiji kizima kilinukia hivyo. Nilikuwa darasa la tano, na nikitoka shule nilikaa mlangoni mwa bani, kile kibanda cha kukaushia, nikimpa bibi majani ayafunge kwenye vijiti. Nilipapenda pale kwa sababu moshi uliwafukuza watoto wenzangu. Shuleni wasichana wote tulinyoa, kwa hiyo masikio yangu hayakuwa na pa kujificha. Yalisimama pembeni ya kichwa kama milango miwili iliyoachwa wazi. "Dishi! Hebu geuka kidogo, picha haionekani!" walinipigia kelele. Mpaka leo majibu hunijia watu wakishaondoka.

Masikio yale yalikuwa ya baba. Alifariki nikiwa bado nanyonya, simkumbuki, lakini kijiji kilimkumbuka kwa kunitazama mimi. Nikitumwa dukani, wazee waliokaa barazani waliniita kabla sijafika: "Binti Osmundi huyo! Bibi yako hajambo?" Sikulazimika kusema mimi ni nani. Nilitoa shikamoo yangu kwa sauti ya chini, wakaitikia, nikachukua chumvi nikaondoka na furaha ambayo sikuijua jina.

Kwetu mtoto akizaliwa, bibi humkanda pua kila asubuhi baada ya kumwogesha, kwa vidole vilivyopashwa moto, ili isimame vizuri. Yangu ilikandwa, na imesimama. Msimu ule mama, aliyekuwa akifanya kazi mjini Songea, alikuja likizo akaanza kunifunga masikio kwa kipande cha khanga kila nilipokwenda kulala, akiamini nayo yatatii. Asubuhi yaliamka na mikunjo ya kitambaa, na kabla ya chai yamesharudi mahali pake. Siku moja uvumilivu ulimwishia.

"Mama, pua ulimkanda," alimwambia bibi. "Masikio uliyasahau?"

Bibi hakuacha kufunga majani. "Sikuyasahau. Niliyaacha."

"Uliyaacha mtoto achekwe?"

"Mwenye nayo nilishamzika," bibi akasema. "Na haya nayo niyakunje?"

Baada ya wiki chache mama alisikia kwamba hospitali ya mjini imepata madaktari wa kurekebisha sura, waliokuja kuwatibu watoto walioungua na waliozaliwa na midomo iliyopasuka, akanichukua. Daktari alikuwa mtu mnene mwenye mikono ya baridi. Aliyabana masikio yangu taratibu, akamweleza mama kwamba gegedu la sikio la mtoto mchanga ni laini, katika wiki za kwanza lingeweza kukunjwa bila kisu. Sasa limekomaa, itabidi kupasua nyuma ya sikio, kulikunja na kulishona.

"Mfanyie tu, daktari," mama akasema.

"Subiri, dada. Namuuliza mwenye masikio." Akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Unataka?"

Nilitazama sakafu. Niliwaona wanaoniita Dishi, kisha nikamwona bibi na majani yake. Daktari hakunihimiza. Alisubiri, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunisubiri hivyo. "Nataka," nikasema.

Bandeji zilipotolewa nilirudi Lusewa. Bibi alinishika kidevu, akanigeuza huku, akanigeuza huku. "Umependeza, mke mwenzangu," akasema. Kisha akatoka kwenda kuchochea moto wa bani, na ule moto ulikuwa unawaka vizuri.

Siku hizi naishi Mjimwema, Songea, nashona nguo za watu. Nimefuga nywele, navaa hereni, na hakuna anayenigeukia njiani. Sijutii. Daktari yule akiniuliza leo, nitamjibu vilevile. Ila bibi alipofariki nilikwenda msibani, nikapita mbele ya wazee waliobaki kijijini, nikawaamkia. Waliitikia kama wanavyomwitikia mgeni.

"Binti, wewe ni wa nani?" mmoja akauliza.

Nikamtaja baba. Hakunisikia. Ikabidi nirudie kwa sauti, mimi nisiyependa kusikika, mbele ya msiba wote: "Osmundi! Mimi ni wa Osmundi!" Wazee wakanitazama usoni, upande huu na upande huu, kisha wakatikisa vichwa kukubali, kwa heshima, kama watu wanaoamini kwa sababu tu wameambiwa.