Sura Kwenye Kanda ya Mama

Enzi zetu sisi wa Kibuli, Kampala, kanda ya kaseti haikukaa kabatini bila sura. Nasema sura, maana ndivyo baba alivyoliita lile jalada la karatasi linaloingia ndani ya kasha. Siku hizi binti yangu Shamim ana maelfu ya nyimbo kwenye simu na hajui hata waimbaji wake wana meno au ni vibogoyo. Sisi tulikuwa na kanda arobaini na kitu, na kila moja tuliitambua kwa sura yake hata tukiwa mlangoni.

Nina la kuwaeleza, wenzangu. Wiki iliyopita nimepata mshtuko ambao siwatakii hata mahasimu wangu. Lakini acha nianzie mwanzo, la sivyo mtasema mama mzima amerukwa na akili kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Baba alifanya kazi bandarini Port Bell, akifunga minyororo ya mabehewa yanapopandishwa kwenye feri. Baharia mmoja wa Mwanza alimuuzia radio kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodia, na kitufe kile ndicho kilichobadilisha nyumba yetu. Kwani mama yangu, Kaltuma, alikuwa mwimbaji wa harusi. Kwetu Wanubi harusi bila doluka, ile ngoma ya kina mama, si harusi, ni kikao tu cha watu wenye njaa. Mama ndiye aliyeanzisha wimbo, mdogo wake Hawa na wenzao wakaitikia. Baba aliweka radio juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza kitufe, akaweka kidole mdomoni ili tunyamaze. Tunyamaze wapi! Ukizisikiliza kanda zile unasikia mtoto anapiga chafya, jogoo anajibizana na ngoma, na mtu anauliza kwa sauti kubwa kama pilau imeiva.

Kanda mpya ilikuja na karatasi nyeupe yenye mistari, na baba aliichukia karatasi ile. "Kanda isiyo na sura ni mgeni aliyejifunika uso," alikuwa akisema. "Humkaribishi mpaka ujue ni nani." Basi kila Jumapili asubuhi, tukishafua sare za shule, mimi na ndugu zangu tulikaa barazani kutengeneza sura. Tulikata kalenda za mwaka uliokwisha, makasha ya sabuni, hata gazeti lililofungiwa nyama. Gundi yetu ilikuwa uji wa muhogo, na mende waliupenda kuliko sisi tulivyopenda kisra ya mama, ule mkate mwembamba wenye uchachu uliotoka kwenye kikaango ukiwa bado unatoa mvuke. Kanda ya harusi ya jirani yetu tuliibandika picha ya ng'ombe wa maziwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote wiki ile. Bibi harusi alishukuru na kutupa peremende. Bibi harusi wa leo mwekee ng'ombe kwenye picha zake, mtaonana polisi.

Nilikuwa na miaka minane siku nilipofanya maajabu yangu. Baba alikuwa amemaliza kurekodi kanda ya mama peke yake, nyimbo zake zote anazozipenda, nami nikaona hapa ng'ombe hafai. Chini ya godoro la mama palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha picha waliyopigwa studio, mama na mdogo wake Hawa. Wamesimama bega kwa bega, wamefunga vilemba vyeupe, mama ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza mlango. Ndiyo picha pekee iliyobaki. Nyingine zote tuliziacha kwenye nyumba ya zamani tulipokimbia vita na mizigo kichwani. Mimi nilijua nini? Nilichojua ni kwamba picha ni pana kuliko kasha. Nikachukua mkasi. Mama Mdogo Hawa nikamkata, akadondoka sakafuni, na jioni, astaghfirullah, akafagiliwa pamoja na maganda ya muhogo.

Baba aliporudi na kuona, alikaa chini kwenye sakafu ya udongo na nguo zake za kazi. Nikasubiri kiboko. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Mwache mtoto. Kanda yangu imepata sura." Mama Mdogo Hawa ndiye ambaye hakucheka. Mpaka leo, akiwa na miaka sabini na ushee, nikimwamkia hunijibu kwanza, "Mkasi uko wapi?"

Miaka miwili baadaye homa ilimchukua mama. Alikuwa hajafika thelathini na mbili. Kile kipande ndani ya kasha la kaseti kikawa ndicho uso wake uliobaki duniani. Baba alipokufa naye, kisanduku cha kanda kikaja kwangu Makindye, na mimi kila mwaka siku ya hitma ya mama nilikifungua, nikamtazama, nikakifunga.

Sasa tuje kwenye wiki iliyopita. Mama Mdogo Hawa anakaa Luzira, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Amepangiwa upasuaji mwezi huu, na anaogopa sana, ingawa ni mwanamke ambaye hata askari wa magereza jirani zake wanampisha njia. Akanipigia simu. "Kabla hawajaniingiza visu machoni nataka nimwone dada yangu. Nikitoka kipofu, yeye awe wa mwisho niliyemwona. Nakuja Ijumaa, unitolee ile kanda."

"Njoo, Mama Mdogo," nikamjibu. "Ipo."

Nilisema ipo, jamani! Jumatano nikaingia chumbani, kisanduku hakipo. Nikamwita Shamim. Akatoka na kompyuta kifuani, anatabasamu mpaka masikioni. "Nilitaka nikuonyeshe Ijumaa, Mama, lakini basi tena." Kumbe amekaa wiki tatu akizihamisha kanda zote kwenye kompyuta kwa kimashine alichoazima kwa mwenzake. Kazi ya mapenzi, siwezi kumnyima haki yake. Akafungua, nikaona vijipicha vya mraba vimejipanga kioo kizima, kila kanda na picha yake.

Banange! Hakuna hata moja niliyoijua. Mawaidha ya sheikh wetu wa utotoni yalikuwa na fuvu la kichwa linalowaka moto. Ile harusi ya ng'ombe ilikuwa na keki ya ghorofa saba na Wazungu wawili wanaobusiana. Na kanda niliyoiandika kwa mkono wangu wa darasa la tatu, neno moja tu, "Mama", ilikuwa na mwanamume mwenye ndevu amekumbatia gitaa, hana shati. Chini yake pameandikwa: Msanii asiyejulikana.

"Asiyejulikana?" Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. "Kaltuma asiyejulikana? Kutoka Kibuli mpaka Bombo watu waliahirisha harusi wakimsubiri yeye!"

"Mama, tulia. Programu inatafuta picha yenyewe mtandaoni. Inasoma jina, inaleta inayofanana. Nabadilisha sasa hivi."

"Badilisha. Weka ile ya ndani ya kasha."

Akaifunga kompyuta taratibu. Mliozaa mnaijua dalili ile. "Makasha nilitupa," akasema. "Na kanda zenyewe. Zilikuwa zimeoza, Mama, na karatasi zake zimeliwa na mende. Nimeona ng'ombe, nimeona sabuni, sikuangalia zaidi, nikajua ni takataka. Gari la kasasiro lilipita Jumatatu."

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka tu dereva wa bodaboda akiniuliza mbona nimevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Tulikwenda mpaka magari ya takataka yanapomwaga, na pale nikaona mlima, na juu ya mlima wale kaloli, makorongo yetu ya Kampala yenye vipara, wamesimama wakinitazama bila hata kusogea. Mama mmoja mwenye gunia na glavu akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia uso wa mama yangu. Hakucheka. "Nnyabo," akasema kwa upole, "ya Jumatatu iko chini ya Jumanne, na Jumanne iko chini ya leo."

Nilirudi nyumbani na matusi yote mdomoni, ya Kiswahili, ya Kiganda na yale ya Kinubi ambayo mama yangu alikataza. Shamim alikuwa amekaa sakafuni na macho mekundu. Nikafungua mdomo, na hapo hapo nikakumbuka ni nani aliyefagia nusu ya kwanza ya picha ile. Mdomo nikaufunga. Nikaenda kuchemsha chai, nikasahau kuweka majani.

Alhamisi mchana Shamim akaja na simu yake. "Mama, kaa hapo karibu na dirisha. Funga kilemba cheupe, halafu inamisha kichwa kidogo, kama ulivyonisimulia jana. Watu wote wanasema umefanana na haboba, bibi yangu."

"Wewe mtoto una wazimu? Nimdanganye mgonjwa wa macho? Mungu ataniuliza."

"Sasa utamwambia nini kesho?"

Ukweli wangu mchungu ni huu: sikuwa na ujasiri wa kumwambia yule mama kwamba dada yake ametupwa jalalani. Nikakaa dirishani. Nikafunga kilemba. Shamim akapiga picha, akaiondoa rangi, akamfuta yule mwenye ndevu na kuniweka mimi mahali pake, na pale penye msanii asiyejulikana akaandika Kaltuma wa Kibuli. Aliponigeuzia kioo nywele zilinisimama. Nilimwona mama yangu ananitazama, na nilijua ni mimi, na bado nilimwona.

Ijumaa baada ya swala bodaboda ikasimama getini. Mama Mdogo Hawa alikuwa amekaa upande, mkoba mapajani, anamkemea dereva kwamba maiti haiharakishwi hivyo seuze yeye aliye hai. Akashuka, akanishika mkono. "Mkasi uko wapi?" Shamim akacheka. Mimi nikamwongoza ndani bila kumtazama usoni.

Shamim akabonyeza. Ngoma ikaanza, jogoo akawika, halafu sauti ya mama ikajaa sebule. Subhanallah! Mama Mdogo akapiga paja, akaitikia. Akaitikia kila mstari mahali pake, kwa sauti ya kizee iliyopasuka, kama vile alivyoitikia akiwa msichana pembeni ya kile kinu. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Wimbo ulipokwisha akasema, "Sasa nionyeshe."

Shamim akaikuza picha mpaka ikajaa kioo kizima. Nikiri jambo hapa: ile karatasi ya kasha, hata kama ingekuwepo, ilikuwa ndogo kuliko kiganja, na macho yale yasingeona kitu. Mama Mdogo akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na pumzi yake ikaweka ukungu. Akafuta kwa ncha ya mtandio. Akatazama tena.

"Huyu si Kaltuma," akasema.

Nikaanguka magotini. Nikamwaga yote, makasha, gari, kaloli, dirisha, kilemba, huku nalia kwa kwikwi mbele ya binti yangu. "Nisamehe, Mama Mdogo. Nimekudanganya. Dada yako hayupo tena, ni mimi huyo."

"Nyamaza kwanza, unaniziba." Akanyoosha kidole, akafuata mikunjo ya pembeni mwa macho, akashuka shavuni pale palipolegea, akafika kwenye shingo. "Dada yangu alikufa binti," akasema polepole. "Miaka yote hii mimi nazeeka peke yangu. Kila nikiitazama ile picha yenu naona mtoto mdogo ananitazama, sina la kumwambia. Kumbe angekuwa hivi."

Enzi zetu mtu alikuwa na uso mmoja tu wa karatasi, na watoto wakaukata, mende wakaula, na bado ukalindwa miaka kama mboni ya jicho. Watoto wa leo wanapiga picha sahani ya chipsi mara tisa kabla ya kuila, na katika utajiri wote huo hawajui ipi ni ya kutunza. Roho inaniuma kwa ile karatasi na itaniuma mpaka kaburini. Mtu asije akaniambia ati ni maendeleo. Lakini baba na mkasi wangu na uji wetu wa muhogo, sote pamoja, hatukuwahi kumpa Mama Mdogo alichokiona mchana ule.

Alikuwa bado amekazana na kioo. "Hiki kilemba kinanizibia," akalalamika. "Ana mvi?"

Nikavua kilemba changu, nikaweka kichwa mapajani mwake. Vidole vyake vikapita kwenye nywele zangu taratibu, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, akiinama mpaka nikasikia joto la uso wake.

"Mvi amenizidi," akasema.