Gego Lisilorushwa Juu ya Paa

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila ninapotafuna. Nilikuwa msichana mdogo, kwetu njia ya Ulyankulu, shavu limevimba hata jicho halifunguki. Baba alikuwa mrina asali. Nyumbani asali haikukatika, na mtoto akilia usiku alipewa kipande cha sega anyamaze. Mama aliangalia kinywani mwangu, akaona gego jeusi, akasema walivyosema mama wote wa wakati ule: "Ni la utoto hilo. Litang'oka lenyewe, litaota jingine."

Mama yangu alinipenda, usimfikirie vibaya. Unajua tulivyozoea: jino la mbele likilegea likatoka, mtoto analirusha juu ya paa, anaomba jipya, na wenzake wanamcheka pengo. Kwa hayo ndiyo tulijua mtoto anabadilisha meno. Lakini gego hili linatoka nyuma kabisa, mtoto akiwa na miaka sita hivi, halisukumi jino lolote wala haliachi pengo. Hakuna kilichorushwa, basi hakuna aliyejua kuwa lile la kudumu limeshafika.

Maumivu yalipozidi, baba alinipakia kwenye baiskeli mpaka Tabora mjini. Mganga wa meno, mtu mzima mwenye mvi, alining'oa gego hilo, nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha akamgeukia baba, bila kufoka.

"Ndugu yangu, hili halioti tena. Ndilo alilokuwa azeeke nalo."

Baba alinipakia tena kwenye baiskeli, tukarudi. Mimi sikumwamini yule mganga. Kila asubuhi nilipeleka kidole kwenye pengo kuangalia kama limeanza kuota. Nililingoja, mwanangu, hata nikachoka.

Sasa jana umerudi na mjukuu wangu Nyamizi kutoka kliniki, umeketi hapa uani kwetu Cheyo, unaniambia daktari wa meno ameona magego yake mapya bado mazima, akataka kuyapaka dawa ya kuziba vile vifereji vya juu ambamo chakula hujificha. Na wewe umekataa.

"Mama, ya utoto hayo. Yatang'oka tu."

Maneno yale yale, na mama yangu yuko kaburini miaka mingi. Nimewaambia dada zako, nimewaambia jamaa zetu wa Isevya, na bado nasikia mtoto wa fulani kang'olewa gego. Inachosha, mwanangu. Inaniuma pia.

Basi nisikilize. Mrudishe kesho, magego yangali mazima. Hachomwi sindano wala jino halichongwi. Linasafishwa, linakaushwa, dawa inapakwa, inakuwa ngumu, basi. Siku zingine umpeleke waiangalie, maana huweza kubanduka. Na usidhani umepumzika: mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na baada ya mswaki wa usiku asali hakuna, hata kama ni mimi bibi yake ninayemdekeza.

Mungu akupe moyo wa kumshika mkono mkirudi huko. Ampe Nyamizi kinywa kizima, na akifika umri wangu, wajukuu wakimzunguka, asiwe na chochote cha kuwasimulia kuhusu meno.